Kaacha unga miezi sita, arosto ikamsubiri kituoni

Hebu msomaji wangu fanya jaribio dogo hapo hapo ulipo, uwe kwenye daladala, kwenye foleni au umejilaza zako mkekani. Fikiria embe bichi. Siyo lililoiva, namaanisha lile la kijani, gumu, linalouzwa nje ya geti la shule, limekatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Usilitafute, lifikirie tu. Kama ulikulia kwenye maembe hayo, sasa hivi kinywa chako kimeshajaa maji. Na embe halipo! Kilichopo ni wino juu ya karatasi. Mate hayakukuomba ruhusa, na hata ukiyaamuru yarudi yalikotoka hayakusikii.

Mate hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii, ingawa yatatupeleka mbali kidogo, hadi kwa vijana wetu wanaovuta unga na mama zao wanaokesha wakilia. Nivumilie.

Mtu aliyejipatia jina kwa kupima mate alikuwa Mrusi mmoja anayeitwa Ivan Pavlov, aliyezaliwa mwaka 1849, mtoto wa padri (kule kwa Waorthodoksi mapadri wanaoa, kwa hiyo usishtuke). Bwana huyu alikuwa mtafiti wa namna tumbo linavyosaga chakula, na kazi hiyo ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1904. Alikuwa akiwafanyia mbwa upasuaji mdogo, mfereji wa mate ukatokezwa nje ya shavu, ili kila tone liingie kwenye chombo na kuhesabiwa. Akagundua kuwa mbwa wanaanza kutoa mate hata kabla chakula hakijafika, wakimwona tu yule mtu anayewalisha. Mwingine angepuuza. Yeye akaona hapa kuna jambo.

Basi akaanza kuwachezea mbwa mlio fulani, halafu anawapa chakula. Watu wanapenda kusimulia kuwa ilikuwa kengele. Kengele ilikuwepo, lakini alichokitumia sana ni kile kidude cha wanamuziki kinachogonga ta-ta-ta kama saa ili waende pamoja. Mlio, chakula. Mlio, chakula. Baada ya siku kadhaa mlio peke yake unatosha, mate yanachuruzika. Hapo ndipo wengi wetu tulipoishia tulipofundishwa habari hizi. Utamu wenyewe unaanza baada ya hapo.

Pavlov akajiuliza: je, nikipiga mlio halafu nisimpe kitu? Mara ya kwanza mate yakatoka kama kawaida. Mara ya pili yakapungua, ya tatu yakapungua zaidi, mpaka yakakauka kabisa. Mbwa kashajua kuwa anadanganywa. Mtu wa kawaida angefunga daftari lake hapo akaenda kunywa chai, mazoea si yamekufa? Yeye alimwacha mbwa apumzike, halafu baadaye akapiga tena mlio ule ule. Mate yakatoka! Siyo mengi kama ya mwanzo, lakini yalitoka, na katikati mbwa hakupewa hata chembe ya nyama ya kumkumbusha. Akaona na jingine: mate yakiwa yamekauka, pakitokea kishindo au kitu kigeni cha ghafla, mlio unaofuata unaweza kuyarudisha papo hapo.

Sasa kama mazoea yale yangekuwa yamefutika, yangerudi kutoka wapi? Jibu la Pavlov lilikuwa kwamba hayakufutika. Yalikandamizwa tu. Mama zetu wanaopikia majiko ya pumba wanalielewa hili bila kusomea. Asubuhi unaona majivu, unadhani moto umezimika, unaingiza mkono unaungua.

Kuna kisa cha mwaka 1924 ambacho mimi hunisisimua kila nikikikumbuka. Mwezi Septemba mwaka huo mafuriko makubwa yaliukumba mji wa Leningrad, ambao leo unaitwa St. Petersburg. Maji yakaingia kwenye maabara ya Pavlov na mbwa wakiwa humo, wafanyakazi wakalazimika kuwatoa kwa kuwaogelesha. Walipona. Lakini baadhi yao walipopimwa baadaye walikutwa wamevurugikiwa, yale waliyofundishwa kwa miezi mingi yakawa hayapo au yamekaa ovyo. Kwa mbwa mmoja ilichukua muda mrefu kumrudisha kwenye hali yake, na aliporudi, watafiti wakafanya kitu kidogo tu: waliacha maji yapenye kwenye uvungu wa mlango. Maji kidogo yasiyoweza kumzamisha hata paka. Mbwa akavurugika upya. Wahenga wetu walishasema zamani kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pavlov aliongezea kuwa hata ukimtuliza mtu huyo mpaka ukadhani kasahau, ung'ongo bado unamjua.

Hayo ya kurudi kwa kupita muda. Kuna kurudi kwingine ambako ni kwa mahali, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Mark Bouton na Robert Bolles, walichapisha majaribio yao ya panya. Panya alikuwa akiwekwa kwenye kisanduku fulani, akipigiwa mlio na kurushwa kidogo na umeme, mpaka akawa akisikia mlio tu anaganda kwa woga. Kisha wakamhamishia kwenye kisanduku kingine, chenye sura yake na harufu yake, wakampigia mlio mara nyingi bila umeme. Woga ukaisha kabisa. Panya mzima, anatembea zake. Wakamrudisha kwenye kisanduku cha kwanza, wakapiga mlio. Woga ule ule ukarudi.

Bouton aliendelea na mambo haya kwa miaka mingi, na ukiyasoma unatoka na picha moja: panya yule sasa ana masomo mawili kichwani. La kwanza linasema mlio ni hatari, la pili linasema mlio hauna neno. Lakini masomo hayo hayana nguvu sawa. Lile la kwanza linasafiri, mwenyewe analibeba kila aendako. Lile la pili ni kama mwenyeji asiyependa kutoka, linafanya kazi vizuri pale lilipofundishwa, ukilihamisha linasitasita. Hata panya akipelekwa kisanduku cha tatu, ambacho hakijui kabisa, woga unaweza kurudi. Ni mpango wa ajabu, lakini ukiufikiria una maana yake. Mnyama anayesahau haraka palipo na hatari hana maisha marefu.

Sasa tuje mjini kwetu. Chukua kijana wa uswahilini, Dar au Mombasa au Ng'ambo kule Unguja, ambaye ametumia unga miaka mitano. Ukoo umechanga, kapelekwa soba hausi nje ya mji. Wiki mbili za mwanzo alitapika, alitoka jasho, mifupa ilimuuma, arosto ilimgaragaza. Ikapita. Akaanza kula, akanenepa, akawa anaamka alfajiri na kufagia uwanja. Miezi sita! Mama akienda kumwona analia kwa furaha. Anaruhusiwa. Anapanda gari na begi lake, anashuka kituo kile kile alichokuwa akishukia siku zote, pale kwenye kibanda cha chipsi, na ule uchochoro wa kwenda maskani uko upande wa kushoto. Kabla hajavuka barabara anapiga mwayo. Anapiga wa pili. Macho yanalengalenga machozi, makamasi yanataka kushuka, tumbo linasokota. Arosto! Miezi sita mwili hauna hata chembe ya unga, arosto imetoka wapi?

Jambo hili madaktari wanalijua tangu zamani. Katika miaka ya 1940 daktari mmoja, Abraham Wikler, alikuwa kwenye hospitali ya serikali ya Marekani iliyofunguliwa mwaka 1935 mjini Lexington, jimbo la Kentucky, kwa ajili ya watu wa dawa za kulevya. Aliona kuwa wagonjwa waliokwishatoka kwenye dawa kwa miezi kadhaa, wakikaa kwenye kikundi na kuanza kupiga soga za dawa, walianza kupiga miayo, kufuta machozi na kuvuta makamasi. Maneno tu. Kama wewe na embe lako.

Hapo ukirudi nyumbani kwa yule kijana utasikia kila mtu na lake. Baba mdogo anasema hana nia, pesa zetu zimeliwa bure. Jirani anasema karogwa, kuna mkono wa mtu. Mwenyewe anasema rohoni, kumbe mimi sifai, bora nikavute moja nitulie. Huyu wa tatu ndiye anayenitisha, kwa sababu wale wawili wanaongea tu, yeye ndiye atakayevuka barabara.

Na akivuka, kuna hatari ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Mwili wa mtu anayetumia unga kila siku unajifunza kujiandaa. Akiona bomba la sindano, akiona foili, akiingia kwenye geto lile lile, mwili unaanza kujitutumua kupingana na dawa kabla haijaingia. Ndiyo maana anaweza kuhimili kiasi ambacho mimi na wewe kingetuua. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake wa Kanada walilipima hili kwa panya. Waliwazoesha heroini kidogo kidogo, ikiongezeka, katika chumba kimoja. Kisha wakawapa wote dozi kubwa. Panya ambao hawakuwahi kuonja heroini walikufa karibu wote, asilimia 96. Waliozoea na wakapewa dozi ile kwenye chumba chao cha siku zote walikufa asilimia 32. Waliozoea vile vile, lakini wakapewa kwenye chumba kingine, walikufa asilimia 64. Dozi ni ile ile, mazoea ni yale yale. Kuhama chumba tu kuliongeza vifo mara mbili!

Juu ya hilo weka na miezi sita ya kuacha, ambayo imeshausahaulisha mwili ule uhimilivu wake. Hapa ndipo mtego ulipo, na ni mtego wa kikatili. Hamu inarudi na nguvu zake za zamani, lakini uwezo wa kuhimili haurudi nao. Kete aliyokuwa akiivuta kama sigara sasa inaweza kumzika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wafungwa zaidi ya 30,000 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kuwa ndani ya wiki mbili za kwanza nje ya gereza, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya ule wa raia wengine. Wiki mbili za kwanza! Zile ambazo sisi tunafanya pilau ya kumkaribisha.

Kwa hiyo kama kijana wako karudi halafu ukamkuta amelala usingizi usio wa kawaida, anakoroma kama mtu aliyekabwa, pumzi zinakuja mojamoja kwa mbali, midomo imekuwa ya bluu au imefifia rangi, ukimtikisa haamki, usiseme muache alale kachoka. Mlaze ubavu, usimwache peke yake, tafuta usafiri wa hospitali saa hiyo hiyo na useme ukweli alichotumia. Aibu utaishughulikia kesho.

Kuna habari ya upande wa pili, ya kutia moyo. Wakati wa vita vya Vietnam wanajeshi wengi wa Kimarekani walizama kwenye heroini kule kule vitani. Serikali yao ikaingiwa na hofu kwamba wakirudi miji itajaa mateja wenye mafunzo ya bunduki. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia walioondoka Vietnam Septemba 1971. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu alipokuwa kule. Lakini kati ya hao waraibu, ni kama asilimia 5 tu waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Sababu ni nyingi, na mimi siamini kuwa mahali ndiyo sababu pekee, maana hata kuipata heroini kule kwao ilikuwa kazi. Ila linganisha mwenyewe. Yule mwanajeshi maskani yake ilibaki Saigon. Wa kwetu tunamtoa maskani, tunamponyesha kwingine, halafu tunamrudisha maskani kwa nauli yetu wenyewe.

Najua utasema, basi tumpeleke kwa shangazi yake Dodoma asirudi kabisa. Kama shangazi yupo na ana moyo, mpelekeni, itamsaidia kuwa mbali na uchochoro ule, na jamaa wa zamani hawatamwona. Lakini msimpeleke mkajisahau. Kumbuka panya wa kisanduku cha tatu. Siku atakayokutana na kete Dodoma, na haikosi, lile somo la soba hausi linaweza kuwa limebaki soba hausi. Hospitali za Ulaya na Marekani zilijaribu kuwaonyesha waraibu sindano na unga wa bandia ndani ya kliniki mpaka wasistuke tena. Wanatoka pale majasiri. Cynthia Conklin na Stephen Tiffany walipokusanya matokeo ya majaribio hayo mwaka 2002 hawakuona ushahidi wa kuaminika kwamba yanasaidia, na moja ya maelezo yao ndiyo hilo: kliniki siyo mtaani.

Kinachoonekana kusaidia kwenye majaribio ya wanyama ni mambo mawili ambayo hata sisi tunaweza kuyaiga kwa akili. Moja ni kulifundisha somo la pili mahali pengi badala ya pamoja. Maana yake kijana asitolewe soba hausi kwa mkupuo kama gunia linaloshushwa kwenye lori. Aje nyumbani siku moja na msimamizi wake, ashuke kituo kile akiwa naye, wapite, wale ubwabwa kwa mama, warudi. Wiki nyingine tena, kwa njia nyingine, saa nyingine. Apige miayo yake akiwa na mtu pembeni na mfukoni hana hela. Pavlov aliona kuwa mate yaliyorudi, yakiachwa tena bila chakula, yalikauka haraka kuliko mara ya kwanza. Hii siyo kazi ya mama na mwanawe peke yao lakini, iwe na mshauri anayejua anachofanya.

La pili ni la Brooks na Bouton, la mwaka 1993. Waliona kuwa kama wakati wa somo la pili kulikuwa na alama fulani ya pekee, kisha alama hiyo ikaletwa siku ya mtihani, mazoea ya zamani yalirudi kwa udhaifu zaidi. Alama inalikumbusha somo. Nadhani ndiyo maana wale waliokaa soba hausi pamoja hushikamana hivyo, kupigiana simu usiku, kuitana kwa majina ya kule. Wazazi wengine wanakataza, eti ni kundi lile lile la mateja. Jamani! Tofautisheni rafiki wa maskani na rafiki wa soba hausi. Huyu wa pili ni dawa inayotembea.

Na kuna methadoni, ambayo kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Mtu anakunywa kila siku mbele ya muuguzi, arosto haimshiki, hamu inapungua. Nimewasikia watu wakidharau kwamba ni kubadilisha unga kwa unga. Hawa hawajawahi kusimama pale kituoni wakipiga miayo. Mtu ambaye mwili wake haupigi kelele ana nafasi ya kujifunza mambo mengine, ikiwemo kupita mbele ya uchochoro ule mara mia bila kuingia.

Kwa mama aliyepokea mwanawe wiki hii nina ombi dogo la nyumbani. Kile chumba alichokuwa akivutia, usimrudishe vile vile kilivyokuwa. Paka chokaa, geuza kitanda kiangalie upande mwingine, toa lile pazia, toa na kile kiti cha pembeni alichokuwa akikaa. Kama nafasi ipo, mpe chumba kingine kabisa. Na ukimwona asubuhi anapiga miayo na kufuta machozi, usianze kwa kumpekua mifuko wala kumwita mwongo. Muulize kaona nini, au kapita wapi.